Kufungua stabilaiza si kuitoa

Ukipita gereji za Changamwe au Shimanzi utasikia kauli mbili kuhusu kile chuma kilichopinda chini ya pua ya gari, na zote mbili husemwa kwa yakini. Ya kwanza ni ya fundi anayetaka kumaliza kazi kabla ya adhuhuri: "Hicho hakina kazi, toa tu, kelele itaisha." Ya pili ni ya wenye Prado na Land Cruiser wanaopanga kuingia Tsavo wikendi: "Ukikifungua, gari linapanda popote." Mwenye gari anabaki njia panda. Mmoja amemwambia chuma ni takataka, mwingine amemwambia kukifungua ni siri ya madereva wa porini. Hakuna aliyemweleza kwamba wawili hao hawazungumzii jambo moja.

Tuanze na kitu chenyewe. Stabilaiza ni fimbo ya chuma cha springi, unene wake mara nyingi kati ya milimita 20 na 30, iliyokunjwa mfano wa herufi U pana. Kiuno cha fimbo kinapita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, na kimeshikwa kwenye chesi na bushi mbili za raba zenye umbo la D. Ndani ya bushi hizo fimbo inaweza kuzunguka. Mikono yake miwili inaelekea kwenye magurudumu, na kila mkono umeungwa na amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), shokapu au ekseli kwa kipande kifupi kinachoitwa linki. Katika baadhi ya magari mpango umegeuzwa, kiuno kimekaa kwenye ekseli na linki zinapanda kwenye chesi, lakini kazi ni ile ile. Kwenye video za Wamarekani huitwa swei-ba. Ukisikia jina hilo usidhani ni kifaa kingine.

Kuna maneno matatu yanayochanganywa. Kufungua ni kuchomoa linki kwa muda, kwa ajili ya kipande fulani cha njia, kisha kuzirudisha. Kutoa ni chuma kizima kwenda kwenye rafu, au kwa muuza vyuma chakavu, na gari kuendelea na maisha yake ya lami. La tatu ni kukatika: linki imejifia yenyewe na mwenye gari hana habari. Kwenye kona, gari la kundi la pili na la tatu hufanya yale yale. Mitaani Mombasa magari ya kundi la tatu ni mengi kuliko ya kundi la kwanza, na hapo ndipo mjadala ungepaswa kuanzia.

Kukamua leso

Chukua leso iliyolowa, wewe ushike ncha moja na mwenzio nyingine. Mkizungusha mikono yenu kuelekea upande mmoja kwa pamoja, leso inazunguka tu, haitoi hata tone. Mmoja akizungusha na mwingine akakaza, au akazungusha kinyume, leso inajisokota, inakaza, inapinga, na maji yanatoka. Stabilaiza ndiyo leso, na magurudumu mawili ya ekseli moja ndio watu wawili.

Gari likipanda tuta, magurudumu yote mawili ya mbele huinuka pamoja. Fimbo inazunguka ndani ya bushi zake na haifanyi chochote. Kwenye kona mambo hubadilika. Mwili wa gari unalala kuelekea nje, springi ya nje inabanwa, ya ndani inaachia. Mkono mmoja wa fimbo umesukumwa juu na mwingine umevutwa chini, fimbo inasokotwa, na kwa kuwa ni chuma cha springi, inakataa. Kule kukataa ndiko kunakopunguza gari kulala. Vivyo hivyo gurudumu moja likiingia shimoni peke yake: fimbo haijui kama ni kona au ni shimo, inajua tu kwamba pande mbili zimetofautiana.

Hapa imani mbili zinaanguka papo hapo. Ya kwanza ni kwamba stabilaiza inabeba mzigo. Haibebi. Gari likikaa chini nyuma kwa magunia ya saruji, tatizo ni springi. Ya pili ni kwamba ukiitoa gari zima linakuwa laini. Kwenye matuta, na kwenye mawimbi yanayokatisha barabara nzima, hutaona tofauti. Utaiona kwenye shimo la upande mmoja, kwa sababu kishindo cha gurudumu la kushoto hakigawiwi tena kwa la kulia. Ndiyo maana mteja hutoka gereji akisema gari limekuwa laini. Hasemi uongo, ila hajafika kwenye kona.

Jambo moja la kihesabu linafaa kujulikana na anayenunua fimbo nene zaidi. Ugumu wa fimbo kusokotwa hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake. Ukitoka milimita 25 kwenda 30 umeongeza unene kwa moja ya tano tu, lakini ugumu umeongezeka mara mbili na ushei. Tofauti unayoiona kwa jicho ni ndogo, ya usukanini ni kubwa.

Lami inavyoihitaji

Watu wengi, hata baadhi ya mafundi wazuri, husema stabilaiza inazuia uzito kuhama kwenye kona. Si sahihi kabisa. Tuchukue gari la kilo 2,000, lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, na ambalo kitovu cha uzito wake kiko mita 0.7 kutoka chini. Likikata kona kwa nguvu ya ubavu sawa na asilimia 40 ya uzito wake, kama kilo 370 zitahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Fimbo iwepo isiwepo, idadi hiyo inabaki karibu ile ile. Inaamuliwa na kasi, kimo cha kitovu cha uzito na upana wa gari.

Fimbo inaamua mambo mengine mawili. Moja ni mwili utalala kiasi gani, na kwa haraka gani. La pili ni muhimu zaidi na halisemwi sana: inaamua ekseli ipi ibebe sehemu kubwa ya uzito uliohama. Ekseli yenye fimbo ngumu zaidi hubeba zaidi, na inayobeba zaidi hupoteza mshiko mapema. Watengenezaji huweka ugumu mwingi mbele makusudi, ili gari likizidiwa liwe ni pua inayogoma kugeuka. Dereva wa kawaida hukabili hilo kwa kuachia mafuta. Ukifungua ya mbele na kuiacha ya nyuma, umeihamishia ekseli ya nyuma mzigo huo, na gari huelekea kuchomoka mkia. Mkia ukichomoka kwenye gari refu lenye hema juu ya paa, wachache huurudisha.

Na tazama la juu ya paa. Katika gari lile lile, weka kilo 100 kwenye keria, mita 2 kutoka chini: hema, gurudumu la akiba, madumu mawili ya maji ya lita 20. Umeongeza asilimia 5 ya uzito, lakini kwenye kona ile ile uzito unaohama unaongezeka kwa kilo 50 hivi, yaani karibu asilimia 14. Mwanamke anayebeba ndoo kichwani analijua hili bila hesabu: hapindi ghafla.

Kwenye kona moja inayopinda taratibu, gari lisilo na stabilaiza linalala, linatulia, linapita. Dereva anasema, mbona hakuna kitu? Hatari iko kwenye mpindo wa pili. Uko barabara ya Malindi baada ya Mtwapa, bodaboda inachomoza kutoka kushoto, unakwepa kulia kisha unarudi kushoto upesi kwa sababu lori linakuja. Gari lilikuwa limelala upande mmoja, springi imebanwa kabisa, na sasa unaiachia kwa nguvu kuelekea upande wa pili, huku uzito wa mwili wote ukija nao. Mpindo wa kurudi ndio unaopindua. Magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza hayakuokoi kikamilifu hapo, kwani mfumo huo umepangiliwa kwa gari lenye fimbo zake, si kwa gari ambalo mwenendo wake umebadilishwa gereji.

Porini, meza ya miguu minne

Sasa geuza kila kitu. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote utakapokiweka. Meza ya miguu minne kwenye sakafu iliyobonyea lazima mguu mmoja uning'inie. Gari ni meza ya miguu minne, na kinachoiokoa ni kwamba miguu yake inaweza kurefuka na kufupika kila mmoja kivyake. Stabilaiza inapinga hilo hasa. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, fimbo inajaribu kulivuta la kulia nalo lipande, wakati wewe unataka la kulia lizame shimoni likanyage.

Kwa nini kukanyaga ni muhimu hivyo? Kwa sababu ya difu ya kawaida, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya ekseli. Haiwezi kulipa gurudumu lililo chini nguvu zaidi ya ile inayopokelewa na lililo hewani, na lililo hewani halipokei kitu, linazunguka bure. Gari la magurudumu manne yanayosukuma, likiwa limekaa kimshazari, mbele kushoto hewani na nyuma kulia hewani, linasimama kabisa huku injini ikilia. Ukiwa na difu loku, inayoyalazimisha magurudumu hayo mawili kuzunguka pamoja, hitaji la kufungua fimbo linapungua sana. Siyo kwamba linaisha: gari linaloning'iniza magurudumu linayumba, na linapoanguka kutoka jiwe moja hadi jingine linaanguka kwa kishindo.

Namna ya kupima ukunjukaji wa ekseli, yaani magurudumu yanaweza kutofautiana kiasi gani kabla moja halijanyanyuka, si ya siri. Gurudumu moja la mbele linapandishwa kwenye ngazi yenye mteremko wa nyuzi 20 hadi gurudumu jingine lolote linyanyuke. Umbali lililopanda unagawanywa kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha unazidishwa kwa 1,000. Usipokuwa na ngazi, jeki chini ya gurudumu moja na futi ya fundi seremala vinatosha: inua mpaka jingine liwe jepesi, pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi pande zote, kisha rudia fimbo ikiwa imefunguliwa. Ukiona tofauti ya sentimita moja au mbili tu, hufaidiki kitu, iache mahali pake.

Na hilo la sentimita mbili litawapata wengi. Faida kubwa iko kwenye magari yenye ekseli nzima mbele na springi za koili, kama Jeep Wrangler, Suzuki Jimny, Nissan Patrol za zamani na Land Cruiser 80. Humo springi ni laini, na kizuizi kikubwa mara nyingi ni fimbo. Prado 120 na 150, Hilux, Fortuner na wenzao wana magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Safari ya gurudumu inakomeshwa na amu, shokapu na sivi (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu) kabla hujaanza kufaidi. Ukifungua ya mbele unapata kiasi, si muujiza. Pikapu zenye springi za bapa nyuma nazo ni hadithi nyingine, kwa sababu bapa zenyewe zinapinga kulala, na ndiyo maana nyingi hutoka kiwandani bila fimbo ya nyuma.

Njia zetu zinahitaji?

Kwa uaminifu, chache. Mchanga wa Tiwi na Diani hauhitaji kufungua chochote. Unahitaji upepo wa tairi ushuke, kwa gari la kiasi hadi psi 15 au 18, na upampu tena ukitoka. Barabara za vumbi zenye mawimbi kama bati, mfano zile za Tsavo Mashariki, zinatikisa magurudumu yote na tiba yake ni upepo kidogo, shokapu nzima na mwendo unaofaa. Kufungua fimbo hapo, kisha kukimbia kilomita 70 kwa saa juu ya changarawe, ni kujitafutia. Njia za hifadhi ya Shimba Hills hupitika na gari lilivyo.

Mahali inapofaa ni kule ambako kasi ni ya mtu anayetembea: mito mikavu ya upande wa Taru na Kinango yenye kingo zilizomomonyoka, makorongo yaliyochimbwa na malori kwenye udongo mweusi baada ya mvua, mawe ya matumbawe yaliyojitokeza kwenye njia za machimbo. Mashindano ya Rhino Charge, yanayofanyika nchini tangu 1989 kuchangia kazi za uhifadhi za Rhino Ark, hushindwa na aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, wala si kwa haraka. Hata magari yale yaliyokatwakatwa na kujengwa upya hupita mawe yake polepole.

Na kuna mahali porini ambapo fimbo haifai kufunguliwa kamwe, nako ni kwenye mteremko wa ubavu. Gari likipita limeinamia bondeni, mwili uliofunguliwa unalala zaidi kuelekea huko huko, na kitovu cha uzito kinasogea nje. Ngalawa huingia baharini na mirengu yake, haiiachi pwani siku ya upepo.

Kuifungua ipasavyo

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya spana kushikwa: gari limeegeshwa gurudumu moja likiwa juu ya jiwe. Fimbo imeshasokotwa, na bolti inayotoka itatoka kama mshale, au haitatoka kabisa. Tafuta mahali sawa. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Ukilazimika kuinua, inua pande zote mbili kwa kimo kimoja na uweke stendi. Usiinue upande mmoja.

Hewa ya chumvi ya pwani ina lake. Nati ya linki ambayo bara ingetoka kwa dakika mbili, hapa imeungana na uzi wake. Usiku wa kabla ya safari sugua uzi kwa brashi ya waya na upulize mafuta ya kulainisha kutu, rudia asubuhi. Nati mara nyingi ni ya spana 14, 17 au 19. Ukianza kufungua utaona nati na kichwa cha mpira wa linki vinazunguka pamoja. Angalia mwisho wa uzi: kwa kawaida kuna tundu la pembe sita la kushikia kwa aleni, au nyuma kuna mahali palipobapwa pa spana nyembamba. Bunduki ya upepo usiitumie hapa, inazungusha mpira ndani ya kikombe chake na kurarua raba ya kukinga vumbi. Linki hiyo itaanza kugonga baada ya wiki.

Toa linki nzima pande zote mbili. Wengi huchomoa ncha moja na kuacha linki ikining'inia kwenye ekseli, nayo inasimama kama mkuki chini ya madigadi. Mikono ya fimbo ikishakuwa huru itaanguka au kuzunguka kwenye bushi, kwa hiyo ifunge juu, kwenye chesi, kwa mkanda wa nguvu au waya mnene. Kamba nyembamba za plastiki hukatika jiwe la kwanza. Kisha kata usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia mtu akiangalia: chuma kisiguse tairi, tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), raba ya sivi wala mpira wa breki.

Mpira wa breki unastahili sentensi zake. Fimbo ilikuwa, bila kukusudiwa, inazuia gurudumu lisishuke hadi mwisho wake likiwa peke yake. Sasa linashuka, na kinacholizuia ni shokapu. Inua gari mpaka gurudumu lining'inie, uone kama mpira wa breki na waya wa ABS bado una ulegevu. Ukiwa umenyooka kama uzi wa gitaa, usiondoke hapo. Kwenye gari lililoinuliwa kwa springi fupi na shokapu ndefu, springi inaweza kuchomoka kwenye kiti chake gurudumu likishuka, na ikirudi irudi imekaa kombo. Upande unaopanda, tairi kubwa hukutana na madigadi, maana fimbo ndiyo iliyokuwa ikizuia.

Kurudisha ni kazi ile ile kinyumenyume, na watu wengi hukwama kwa upande wa pili: tundu haliingiani na uzi kwa sentimita mbili. Usilazimishe kwa nyundo. Ingiza upande wa kwanza bila kukaza, kisha kwa upande wa pili mtu asukume mwili wa gari kwa bega, au inua kidogo kwa jeki mpaka uzi uingie wenyewe. Nati zenye pete ya nailoni zikishafunguliwa mara kadhaa hazishiki tena, nunua mpya. Kaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na ujaribu tena baada ya kilomita 100. Bushi zikilia, paka grisi ya silikoni. Mafuta machafu ya injini, ambayo ni dawa ya kila kitu gereji, huvimbisha raba asilia na kuiua.

Wanaofungua mara kwa mara hununua linki za pini, zinazochomolewa kwa mkono kwa dakika chache. Ni nzuri, mradi pini zipakwe grisi, la sivyo chumvi itazigeuza kuwa za kudumu.

Gari lililoinuliwa milimita 50 au zaidi lina shida yake hata bila kufunguliwa. Mikono ya fimbo sasa inaelekea chini mno, linki zimekaa pembe mbaya, na gurudumu likishuka sana mkono unaweza kupinduka upande usio wake na kukwama huko. Tiba ni linki ndefu zaidi au vipande vya kushusha kiuno, mpaka mikono ikaribie kulala sawa na ardhi.

Zilizofunguliwa na kiwanda

Watengenezaji wanaujua mvutano huu na wameujibu. Jeep waliweka kwenye Wrangler Rubicon ya 2007 kitufe kinachotenganisha fimbo ya mbele kwa umeme. Tazama waliyoyafanya na kasi: ikipita kama kilomita 29 kwa saa, mfumo unaiunga tena wenyewe. Hiyo ni kanuni nzuri ya kuazima kwa asiye na kitufe. Toyota nao kwenye Prado mpya ya J250, iliyozinduliwa 2023, wameweka kitufe cha namna hiyo kwa baadhi ya matoleo.

Kabla ya hapo walikuwa na mfumo uitwao KDSS, unaopatikana kwenye baadhi ya Land Cruiser 200 na Prado 150, na magari hayo yamejaa hapa kwa kuwa yanashukia bandari yetu. Fimbo za mbele na nyuma zimeungwa kwa silinda za mafuta yenye shinikizo. Kwenye kona mafuta yanazuia, njia ikiwa mbovu na ekseli zikikunjana kinyume mafuta yanahama na fimbo inalegea yenyewe. Mwenye gari hili hana sababu ya kufungua chochote. Fundi asiyelijua akitia spana bila kufungua kwanza skrubu za vali kusawazisha shinikizo, atarudisha gari limelala upande mmoja, na mwenye gari atalaumu springi kwa miezi.

Halafu kuna magari yaliyozaliwa bila fimbo. Range Rover ya kwanza, ya 1970, ilikuja hivyo, ikalala kwenye kona kama jahazi, na ilisifiwa porini. Hoja hii hutolewa sana barazani. Lakini springi na shokapu zake zilipangwa kwa kutokuwepo kwa fimbo. Gari lililobuniwa bila na gari lililonyang'anywa si ndugu.

Linki moja ikikatika

Wapo wanaoamini kwamba linki moja ikifa, nusu ya kazi inabaki. Rudi kwenye leso: mwenzio akiachia ncha yake, utakamua nini? Ncha moja ikiwa huru fimbo nzima inazunguka bure, kazi imeisha asilimia mia, na juu ya hayo kuna chuma kinachorukaruka karibu na mpira wa breki. Hili halihusu magari ya porini pekee. Probox, Fielder na matatu zina fimbo hiyo mbele, na kwa hizo hakuna njia yoyote inayohalalisha kuitoa.

Dalili ya linki inayokufa ni mlio mkavu wa kugonga, ko-ko-ko, kwenye vishimo vidogo kwa mwendo mdogo, hasa pande mbili zikipokezana. Gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, shika linki na uitikise kwa nguvu: ikicheza imekwisha. Ikiwa haichezi, tazama bushi za D na ufa kwenye raba. Kelele ikija ukikanyaga breki, tafuta kwingine. Linki ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu chini ya gari, na hubadilishwa mbili mbili. Fundi anayeamua kuzitoa badala ya kubadilisha amemaliza kelele kweli. Bima ikija kukagua gari lililopinduka, kutokuwepo kwake ni jambo ambalo mkaguzi ataliona kwa tochi.

Na anayenunua gari lililotumika hapa mjini ana dakika moja ya kuangalia. Kata usukani mpaka mwisho, piga magoti nyuma ya tairi la mbele, fuata amu ya chini au shokapu kwa macho. Ukikuta tundu tupu lenye kutu pembeni, au kitako chenye uzi usio na kitu, halafu juu kwenye chesi alama mbili za bolti zilizong'aa mahali bushi zilipokuwa, umeshajua gari hilo limeishi vipi. Uliza chuma kiko wapi kabla ya kuuliza bei.